Ufunguo Uliomezwa na Tope

Jumamosi asubuhi nilishika mlango wa gari langu ukafunguka, na kiti kikaanza kutambaa kuja mbele. Kilitoka nyuma kabisa, kule ambako miguu yangu haigusi kitu, kikaja polepole huku kikinung'unika mpaka kikafika pale ninapokaa mimi. Nilisimama barabarani na kikapu cha soko mkononi, nikikitazama. Halafu nilitukana. Nilitukana kwa sauti, na jirani yangu aliyekuwa akifuta madirisha akaacha kufuta.

Nitaeleza hasira yangu, kwa sababu wapo wanaosema nina hasira za bure. Gari hili ni la spoti, la viti viwili, rangi ya kijani iliyokolea, paa lake linakunjika, na lina akili kuliko mwanamume aliyenioa. Ufunguo wake hauchomekwi popote. Unakaa mfukoni tu; ukishika mlango, gari linakujua, linajifungua, na linakumbuka mwenye ufunguo huo ana miguu mirefu kiasi gani, likamsogezea kiti. Ikiwa ni mimi niliyeendesha mara ya mwisho, kiti hakina sababu ya kusogea. Kikisogea, basi amekaa mtu mwingine. Na mtu mwenye miguu ya kufika kule nyuma, mwenye ufunguo wa pili wa gari langu, hapa Dokkum, mji wetu mdogo wa Uholanzi, ni mmoja tu. Eelke, mtalaka wangu.

Gari nililinunua mimi, kwa urithi wa marehemu mama, baada ya miaka mingi ya kufundisha watoto wa watu kuogelea. Siku ya kwanza Eelke alilicheka, akasema mwanamke wa umri wangu atafute baiskeli nzuri. Wiki ya pili yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha, akipunga mkono kwa watu wasiomjua. Tulipoachana mwaka jana, mwanasheria aliandika bila kumung'unya maneno: gari ni la Hiltje, yaani mimi, pamoja na funguo zake mbili. Eelke akanipa mmoja. Wa pili, akasema, atautafuta. Anautafuta mpaka leo.

Na hakuwa akiliiba gari, hapana, angeliiba ningemshitaki. Alikuwa akilizungusha nikiwa kazini, kisha analirudisha palepale ng'ambo ya mfereji, kwenye nafasi yangu. Hakuliacha na mkwaruzo hata mmoja. Redio iko kwenye idhaa yake ya mpira, kioo cha katikati kimeinuliwa, na sakafuni karatasi ya peremende nyeusi anazotafuna yeye. Alitaka nijue kwamba anaweza, basi. Nilikwenda polisi. Kijana wa kaunta alinisikiliza kwa adabu zote, akaniuliza: "Gari lipo?" Lipo. "Limevunjwa?" Halijavunjwa. "Sasa mama, tuandike nini?"

Utauliza kwa nini sikutengeneza ufunguo mwingine tangu mapema. Kwa sababu nilitaka wangu! Kwa nini nihangaike mimi kwa ujeuri wa mtu mwingine? Tena nani alikuwa ananiamini? Jildou, binti yangu wa pekee, nilimweleza mara ya kwanza jikoni kwake, akaniambia huenda nilibonyeza kitufe cha kiti mwenyewe nikasahau. Mara ya pili, kwenye simu, akasema kwa sauti laini, ile sauti ya kuzungumza na wagonjwa: "Mama, bibi naye alianza hivihivi."

Mama yangu alikufa hajui jina langu. Mwanzo wake ulikuwa kusema kuna mtu anaingia na kuhamisha vitu vyake. Kwa hiyo Jildou aliposema maneno yale, alijua anachonichoma nacho. Na usiku, sikufichi, nilianza kujiuliza mwenyewe. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote, kwamba Eelke alikuwa amefika mpaka kichwani mwangu na kuanza kuhamisha vitu humo.

Jumapili, siku moja baada ya kile kiti, ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Jildou. Alipanga viti duara sebuleni kwake Leeuwarden kama tupangavyo sote, na kila aliyeingia akazunguka duara zima akipeana mkono na kila mtu, maana kwetu hapongezwi mwenye siku peke yake, wanapongezwa jamaa wote. Kwa hiyo nilifika mbele ya Eelke nikampa mkono.

"Hongera kwa binti yako," nikasema.

"Hongera na wewe kwa binti yako," akasema, akanibusu mashavuni mara tatu kama desturi inavyotaka. Alinuka peremende nyeusi.

Ikaja kahawa, ikaja keki yenye sukari ya rangi ya waridi, kipande kimoja kwa mtu mmoja. Watu wakazungumza mvua na barabara zinazochimbwa. Nilivumilia mpaka nikaona Eelke analamba kijiko kwa raha zake, hasira zikanipanda.

"Eelke," nikasema, "ufunguo wangu wa pili uko wapi?"

Jildou akarudisha birika la kahawa mezani.

"Mama," Jildou akasema bila kufungua meno, "leo ni siku yangu."

"Ndiyo, mwanangu. Namuuliza baba yako swali dogo tu."

Eelke akaweka sahani gotini, akatabasamu. Yeye ni dalali wa nyumba. Amewahi kuuza nyumba yenye maji chini ya sakafu kwa tabasamu hilohilo. "Haya, nitasema, ingawa ni aibu. Mnakumbuka nilipokwenda pwani ya Holwerd kutembea kwenye matope, maji yalipokupwa? Nilizama mpaka kiunoni. Wenzangu wakanivuta, mimi nikatoka, viatu vikabaki, na ufunguo ukabaki. Umemezwa na tope."

Watu wakacheka. Baukje, dada yake, akapiga paja. "Basi huko chini kaa wana gari la spoti!"

"Kwa hiyo hauko nyumbani kwako," nikasema. "Wala ofisini, wala mfukoni mwako."

"Hiltje, uko baharini. Nikuletee beleshi ukachimbe?"

Wakacheka tena.

"Na anayeliendesha gari langu nikiwa kazini ni nani? Kaa?"

Hapo hawakucheka. Afadhali wangecheka. Walinitazama kwa huruma, duara zima, na Baukje akaushika mkono wangu akaupapasa. "Wifi yangu, unapata usingizi siku hizi?"

"Alhamisi tuna miadi, shangazi," Jildou akamwambia, kana kwamba mimi sipo. "Daktari wa kumbukumbu. Mama amekubali."

Sikuwa nimekubali, nilikuwa nimenyamaza tu. Eelke akashusha pumzi kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa wengine. "Masikini mama Jildou. Sikilizeni, tuyamalize haya. Atengenezewe ufunguo mwingine, roho yake itulie. Namjua fundi, anaitwa Rienk, anakuja mpaka mlangoni na mashine zake. Kesho nitampigia mimi mwenyewe."

"Huo ndio uungwana," akasema Baukje, na vichwa vikatikiswa duara zima. Nilitamani kumpaka Eelke ile keki usoni. Nikaila.

Kweli alimpigia, na Jumatano asubuhi Rienk akafika, mtu mpana mwenye kofia ya sufu, akaegesha gari lake la kazi kando ya mfereji. Jildou naye alikuwepo. Jumatano haendi kazini, na alikuja, alisema, kunywa kahawa na mimi. Najua alikuja kuhakikisha sitoroki kesho yake. Nilimpa kila mmoja kikombe na biskuti moja, nikafunga kopo.

Rienk akapuliza kahawa yake. "Kabla sijaanza, mama, nileteeni funguo zote za gari."

"Upo mmoja. Huo hapo mezani."

"Nauliza kwa sababu nikiingiza ufunguo mpya, gari hili linasahau funguo zote za zamani, kisha linajifunza upya zile ninazolionyesha. Ambao sikulionyesha, ndiyo basi tena. Hata ukipatikana kesho, haufungui kitu."

Nikaweka kikombe chini. "Na ule uliozama topeni?"

"Huo utakuwa plastiki tupu. Hata kaa hawataweza kuuwasha." Kumbe Eelke alishampa na yeye hadithi yake.

Jildou akacheka, akachukua simu. "Ngoja nimwambie baba. Atafurahi, si ndiye aliyetafuta fundi?" Alimpigia na kuiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi, tukasikia wote. Akamweleza kwa furaha kabisa: kwamba ule ufunguo wa zamani unafutwa leo, kwamba sasa hata ukiokotwa hautamsumbua mama.

"Unafutwa?" akasema Eelke. "Nani amesema ufutwe? Mimi nilisema aongeze."

"Ndivyo inavyofanyika, baba. Na si umepotea?"

"Umepotea, ndiyo, umepotea. Lakini... umeme wa gari lile ni mgumu. Rienk asiguse kitu. Msianze. Nakuja."

Jildou akabaki anaitazama simu. "Anaogopa umeme utaharibika," akasema.

"Tangu lini baba yako anajua umeme? Taa ya choo nilikuwa nabadilisha mimi." Nilijua. Na nilijua pia kwamba kujua kwangu hakutoshi, kwamba atakuja, atatabasamu, na kesho nitakaa mbele ya daktari.

Ofisi yake haiko mbali. Tulipovuka daraja dogo kwenda ng'ambo ya mfereji, alikuwa tayari anashuka kwenye baiskeli, tai imemrukia begani, jasho linamtoka. Ufunguo wangu nilikuwa nimeuacha mezani jikoni, kando ya vikombe. Rienk aliubeba mkoba wake tu. Alitaka kwanza aone gari.

"Rienk, kaka, subiri," Eelke akasema. "Gari hili nimelichagua mimi, nalijua. Ukilisahaulisha ovyo ovyo utaliua. Fanya wiki ijayo, nikuitie mtaalamu mkaangalie pamoja."

"Mtaalamu ni mimi, bwana," Rienk akasema. "Nafanya magari kama haya kila siku."

"Basi hujui hili. Pale pa kuchomeka mashine pamejificha chini ya usukani, na kifuniko chake ukikivuta vibaya kinakatika. Watu kama nyinyi mnakata tu. Njoo, njoo nikuonyeshe."

Akashika mlango.

Taa zikapepesa. Vioo vya pembeni vikakunjuka. Mlango ukaachia, na ndani, mbele ya macho yetu sote, kiti kikaanza kutambaa kwenda nyuma. Kilikwenda bila haraka, kikinung'unika, mpaka kikafika mwisho wa reli yake kikatulia, kikimsubiri bwana mkubwa aingie.

Eelke alikuwa bado ameshika mlango. Alionekana kama mtoto aliyekamatwa na kidole kwenye chungu cha asali, ila mtoto angeona haya.

"Mama," Rienk akauliza taratibu, "ufunguo wako uko wapi?"

"Jikoni. Umeuona mwenyewe."

"Nimeuona." Akautazama mfuko wa koti la Eelke. "Basi mwingine upo hapa, tena karibu sana."

"Lilikuwa wazi," Eelke akasema. "Hiltje hafungi magari. Hakumbuki, ndiyo maana tunahangaika hivi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alitaka kuirefusha hata akiwa amefika mwisho wake. Nilifungua kinywa nimrarue. Jildou akanitangulia.

"Baba, kiti kimerudi nyuma."

"Jildou, mwanangu..."

"Kimerudi nyuma peke yake. Kama alivyosema mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Toa kilichomo mfukoni."

Akautoa. Mweusi, mdogo, msafi, haukuwa na hata chembe ya tope. Na unajua alisema nini? Hakusema samahani. Alimgeukia binti yake, akafanya uso wa baba mwema. "Nilikuwa nauweka kwa usalama wake. Mtu mwenye hali kama ya mama yako, na gari la kasi kama hili, lazima awepo mtu wa kuliangalia. Nililizungusha mara mojamoja, kuona kama breki ni nzima. Mtu akifanya wema siku hizi anaonekana mwizi."

Mwaka mzima! Mwaka mzima alinitazama nikijitilia shaka. Alikaa kwenye duara akala keki, akasikia binti yake akitaja daktari, na ufunguo umo mfukoni mwake, na akasema masikini. Kama mfereji usingekuwa na watu wanaopita na boti zao, ningemsukuma humo na baiskeli yake.

"Haya," akasema, akaunyoosha mkono wake kwangu. "Chukua. Rienk auandikishe na huu, utakuwa na funguo tatu. Umeridhika?"

Ufunguo niliokuwa nikiudai tangu siku ya talaka ulikuwa pale kiganjani mwake, na nilipouona sikuutaka tena.

"Kaa nao," nikamwambia.

"Usiwe mpumbavu, Hiltje."

"Nimesema kaa nao! Ni wako. Urudishe mfukoni ulikozoea kukaa." Nikamgeukia fundi. "Rienk, anza kazi. Nakuletea ule wa jikoni, na mpya unao wewe. Ni hizo tu."

Rienk akafungua mkoba. Kifuniko chini ya usukani alikitoa kwa vidole viwili, hakikukatika. Akachomeka mashine, akabofya, gari likalia mlio mfupi wa huzuni, na taa zote za dashibodi zikazimika kisha zikawaka upya. Akaugusisha ufunguo wangu kwenye kitufe cha kuwashia, gari likaitikia; kipimo cha kiti changu, akasema, halikukisahau. Akaugusisha mpya, likaitikia. Eelke hakuondoka. Nadhani hakuamini. Alisimama ameinamisha kichwa, akigeuza ufunguo wake mkononi, na majirani madirishani hawakujisumbua hata kujifanya wanamwagilia maua.

Rienk akafunga milango, akachukua funguo zangu zote mbili akaenda nazo mpaka darajani. "Lazima nihakikishe wa zamani umekufa," akasema kutoka kule. "Bwana, hebu shika mlango."

"Sina haja."

"Shika," nikasema.

Akashika. Taa hazikupepesa. Akavuta, mara ya kwanza polepole, ya pili kwa nguvu, ya tatu kwa hasira, mpaka gari zima likatikisika. Kiti kilikaa palepale kilipokuwa.

Alipanda baiskeli akaenda, hakuaga mtu. Ufunguo aliondoka nao. Nilidhani nitapiga vigelegele. Badala yake nikamfuata Rienk darajani, nikachukua funguo zangu.

Rienk alipomaliza na kuondoka, tulibaki wawili kando ya gari. Jildou alikuwa analia, machozi yanamshuka mpaka kidevuni wala hayafuti. Akasema atapiga simu sasa hivi kufuta ile miadi ya kesho. Akapiga, akafuta. Kisha akanishika mkono.

"Mama, kumbe amekutesa hivi muda wote huu. Mbona hukuniambia?"

Nikautoa mkono wangu.

"Nilikwambia, Jildou."

"Ndiyo, lakini..."

"Nilikwambia jikoni kwako. Nilikwambia kwenye simu. Nilikwambia mbele ya watu, na wewe ukasema ni siku yako. Hukuniambia kwamba ninasema uongo, ungesema hivyo tungegombana yakaisha. Uliniambia naanza kuwa kama bibi. Na mimi nikaanza kukuamini."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo." Nilisikia sauti yangu inapanda, nikaiacha ipande. "Baba yako ni mwongo, nilijua ni mwongo, nikamwacha. Wewe siwezi kukuacha, wewe ni mwanangu. Kwa hiyo nina hasira na wewe kuliko na yeye. Nenda nyumbani."

Akaenda. Alitembea kando ya mfereji mpaka kituo cha basi, hakugeuka. Mimi nikashika mlango, gari likanifungukia, na nikasimama pale nikisubiri kiti kije kutoka kule mwisho, kwa mara ya mwisho.